Malaria ya Mwalimu Nandwa

Anaingia ameshika karatasi ya daktari kwa vidole viwili,
kama alivyozoea kushika mtihani wangu wa fizikia,
nami namjua kabla sijasoma jina.
Yeye hanijui. Nina barakoa, nina kitambi,
na nje Kisumu nzima inayeyuka kwa jua la saa nane.

"Vua shati, mwalimu."
Neno hilo linamgeuza.
"Wewe wa mwaka gani?"
"Mwaka wa mvua ya mawe, ilipong'oa mabati ya maabara."
"Ahaa." Anakohoa, anakohoa tena.
"Binti wa Kageha. Uliyekataa kuamini."

Kweli, nilikataa.
Kule Vihiga, na ule mwamba mkubwa dirishani,
alituambia jiwe hilo latoa mionzi,
tangu dunia haijapoa, kidogo kidogo,
kama chungu kinachovuja usiku.
Tulicheka. Tulikuwa tumeanika soksi juu yake.

Hakuwa na kifaa hata kimoja.
Alikuwa na chaki, karatasi ya daftari,
na kifuniko cha sufuria alichoazima jikoni.
Alfa, akasema, ni mnene tena mwoga: ukurasa mmoja wamshinda.
Beta ataipita karatasi, akwame kwenye kifuniko.
Lakini gama!
Gama hupita ukuta, humpita mwalimu mkuu na suti yake,
mpaka azuiwe na risasi.
"Kwani gama hupigwa risasi?" akauliza Musimbi kutoka nyuma.
Tukavunjika mbavu.
Akangoja tutulie.
"Risasi ilikuwa madini," akasema, "kabla ya kuwa uovu."
Akafuta ubao.

Muhula huohuo, mwezi wa mgomo,
alipotea wiki tatu.
Akarudi mkono wa kushoto umelegea,
koti halivuki bega.
"Malaria," alituambia.
Sitadanganya, tulifurahi: tulikuwa tumeukwepa mtihani.

Sasa namsimamisha, kifua kwenye bamba la baridi,
kidevu juu, mabega mbele.
Mbavu zake naweza kuzihesabu bila mashine.
Narudi nyuma ya mlango mzito,
na beji kifuani pangu,
ile inayoniwekea hesabu ya ninachokula bila kuonja.

"Vuta pumzi. Ishike."

Mwale hauonekani. Hauna joto wala harufu,
hata ule mlio si wake, ni wa mtambo.
Umeshampita, umekwisha, na yeye bado ameshika pumzi,
mtiifu kuliko tulivyowahi kuwa.

"Pumua."

Picha inakuja.
Moyo umeegea kushoto, kama mtu aliyechoshwa na ibada.
Pafu la kulia lina wingu
ambalo si kazi yangu kulitaja.
Na chini ya mtulinga wa kushoto,
nyeupe kuliko mfupa,
kitone chenye ncha, kidogo kuliko punje ya mahindi.
Weupe huo naujua.
Ndipo mionzi ilipofika, ikagonga, ikakosa njia.

Malaria.

Anavaa shati. Mkono wa kushoto unatafuta tundu,
unalikosa, unatafuta tena.
"Umenipa kiasi gani?"
"Sifuri nukta moja ya milisivati. Haizidi hapo."
Anapiga hesabu, midomo ikicheza.
"Siku kumi hivi za kukalia lile jiwe letu."
Amefurahi kama mtu aliyerudishiwa chenji.
Kisha, macho kwenye vifungo: "Umekiona?"

Sheria yasema picha husomwa na daktari.
Nakunja glavu, nazikunjua.
"Nimeona palipozuiwa, mwalimu."

Anafunga kifungo cha mwisho katika tundu lisilo lake.
"Kumbe ulikuwa ukisikiliza."
Na anatoka, bega moja chini,
akipita mlango wa risasi
bila kuugusa.

Nje wanaita kumi na tisa:
mtoto aliyemeza shilingi tano,
anayetaka kujua kama atarudishiwa.